Mate ya Kiprugut

Mwaka wa 1956 Kiprugut arap Chumo alisaga mifupa katika kiwanda cha mbolea mjini Nakuru. Mifupa ilifika ikiwa na nyama iliyooza na funza tele, na vumbi lake lenye uvundo likamganda kooni. Alikohoa kila siku. Mkewe, Jelagat, alipomsihi aache kazi, alimjibu, "Mama Kipketer, watoto watakula nini? Kikohozi?"

Kisha dadake Cheptoo akajifungua huko Solai. Kwa desturi yao, mjomba humbariki mtoto kwa kumtemea mate kidogo kifuani. Kiprugut aliinama, kikohozi kikamshika, na kifuani pa mtoto likaanguka kohozi zito la rangi ya jivu, likinuka mzoga.

Cheptoo alimnyakua mwanawe, akampangusa kwa nguvu. "Kaka, hii ni baraka ama ni ng'ombe aliyekufa?"

Wanawake walicheka. Kiprugut alitoka nje akatapika.

Jumatatu alimrudishia nyapara beleshi.

"Umepata kazi gani?" nyapara akauliza.

"Kibarua cha kupalilia mahindi. Mshahara ni nusu," akasema Kiprugut, "lakini mtoto wa dada yangu bado hajabarikiwa."