Kigae cha Moto Mlangoni kwa Rabia

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Makomeno. Floribert Chomba anaegemeza ngazi yake ukutani na kusubiri. Mfukoni ana karatasi yenye sahihi nane. Ya tisa bado, na kampuni ya umeme haitasimamisha nguzo katika uchochoro huu mpaka nyumba zote tisa zikubali. Mwisho ni kesho, Jumamosi.

Ni fundi umeme kwa mwaka wa kumi na mmoja sasa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga.

Anayekataa ni Mama Rabia, mshonaji, ambaye babu zake walitoka Maniema. Floribert alidhani anaogopa umeme. Mara ya kwanza alimweleza usalama wa nyaya. Mara ya pili alimwalika kwake, na mkewe Victorine akasonga bukari, ugali wa huku, kwenye jiko la umeme. Rabia alikula, akasifu, akaomba mboga zaidi, akarudi nyumbani bila kutia sahihi.

"Nilimufundisha mambo yenye hakuuliza," Floribert anasema akicheka.

Jumatatu alipita mapema kuliko kawaida, ndipo akaona. Rabia alikuwa amewasha mbabula, jiko lake la makaa, nje ya mlango. Jirani mmoja alikuja na kigae cha chungu, akachukua makaa mawili ya moto, akauliza watoto wamelalaje. Akaja mwingine. Wa mwisho alikuwa Agnès, mjane, ambaye nyumba yake iko hatua arobaini kupita nguzo ya mwisho ya mpango. Gunia la makaa ambalo lingemtosha Rabia siku ishirini humwishia kwa siku kumi na mbili.

"Baba, ile courant ya umeme iko muzuri," Rabia alimwambia siku hiyo. "Lakini Agnès ataichota na kigae?"

Jioni Floribert alimsimulia mkewe. Victorine akasema jirani yao mpya ametimiza mwaka pale, naye hajui jina lake. Tangu umeme uingie kwao, hakuna anayekuja kuomba moto.

Kesho yake Floribert alimwomba injinia wa kampuni nguzo moja zaidi. Injinia alijibu kwamba mpango umekwisha kuchorwa, kisha akakubali kupeleka ombi. Hakuahidi kitu.

Leo Floribert anamweleza Rabia hivyo hivyo, bila kuongeza neno. Anamwonyesha chini ya karatasi, pale alipoandika kwa mkono wake: nyumba ya kumi, Agnès.

"Na kama bale ba kampuni banakatala?" Rabia anauliza.

"Nitaomba tena. Siwezi kukudanganya, Mama."

Rabia anafuta majivu mikononi, anatia sahihi. Mbabula yake, anasema, haitazimika mpaka nguzo ya Agnès isimame.

Floribert anasema anatumaini kuipanda nguzo hiyo yeye mwenyewe. Rabia anamsikia, anatabasamu.

"Siku ile Agnès akuye bila kigae," anasema. "Akuye tu kunisalimia."