Bamvua Iliyofungiwa

Asubuhi nilipoanza kazi, nilimwahidi Mama sebuleni kwetu, mtaa wa Satellite, kwamba sitamhamisha mtu kwa kubahatisha. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "We hata kuogelea hujui, Wafula, na unaenda kuambia watu wa baharini wahame?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kitengo chetu, katikati ya jiji la Nairobi, kilitengeneza modeli za pwani: hesabu za kompyuta zinazoiga mwendo wa maji. Kazi yangu ya kwanza ilihusu hori moja la bahari lenye mikoko. Ofisi ya mipango ilitaka kujua kama bamvua, yale maji makubwa kupita yote ya mwezi, yangefika kwenye nyumba za ukingoni. Kama yangefika, familia zingehamishwa.

Mkuu wa Kitengo, Madam Mutheu, alikuwa na desturi yake. Vipimo vya bamvua kadhaa zilizopita alivifungia kwa nywila aliyoijua peke yake. "Kisia kwanza," alisema. "Modeli inayosifiwa kwa maji iliyokwisha kuyaona haijafanya mtihani."

Nikakisia. Akafungua bamvua ya kwanza. Modeli yangu ilikuwa imezamisha kijiji kizima. Vipimo vilionyesha maji yakiishia mikokoni.

"Pole sana, Nuhu," akasema Otieno wa meza ya pili. "Na safina umepaki wapi?"

Tulicheka, kisha tukatafuta kosa. Urefu wa nyumba ulitoka kwa wapima ardhi, ambao sifuri yao ni usawa wa kati wa bahari. Urefu wa maji ulitoka kwa mabaharia, ambao sifuri yao ni pale maji yanapokupwa kabisa. Modeli ilizichukua sifuri mbili kama moja. Nikarekebisha, na maji yakarudi mikokoni.

"Sasa inalingana, Madam. Tupeleke ripoti?"

"Hiyo umeshaiona. Utapimwa kwa nyingine."

Akafungua ya pili. Mstari wa modeli na mstari wa vipimo ikapanda pamoja, ikashuka pamoja. Otieno akapiga meza kama ngoma. Madam, ambaye hakuwa mtu wa kelele, akaagiza mandazi ya ofisi nzima. Ripoti ikaenda, familia zikabaki kwao.

"Na kuogelea?" Mama akauliza jioni.

"Bado."

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha matumbawe, kisha cha mchanga wa fukwe, chini ya wakuu wengine. Desturi ile niliibeba kote; hata vipimo vya meza hii vimefungiwa. Leo naiacha meza hii kwenda kufundisha. Wewe utakayeikalia, tafadhali: usiombe nywila kabla hujakisia.