Kilwa Mbili

Watu wa upande wa pili wa ziwa wanaposema Kilwa, wanataja mji wao ulio Kongo. Sisi wa Nchelenge, upande huu, tukisema Kilwa, tunataja kisiwa chetu, ambacho hakifikiki ila kwa chombo cha majini. Kwa muda wote niliotumikia ofisi ya vibali vya uvuvi, sikuzichanganya hata mara moja. Katika folda za pamoja za kompyuta nilizitenga mwenyewe: Kilwa moja ndani ya folda iitwayo Upande Wetu, na nyingine ndani ya Ng'ambo. Kila barua iliyokuwamo niliipiga chapa mimi, na kila faili ilionyesha jina langu.

Nilipostaafu, kiti changu alipewa mwanamke kijana wa kabila la Wabemba. Nitaandika lililo kweli, kwani sijazoea kuandika vinginevyo: nilimwonea wivu kabla hajamaliza mwezi. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili changu. Yeye alikuwa akikivunjavunja, na watu walimpenda kwa hicho hicho kilichovunjika. Muuza vitenge mmoja wa ng'ambo alinisimamisha sokoni kunieleza, bila kuulizwa:

"Papa, ule mama wa bureau anatumikaka muzuri. Anasekaka na batu."

"Na mimi je, sikufanya kazi vizuri na kucheka na watu?"

"Weye ulikuwa unatugombeza mupaka wino ya stempu inakauka."

Katika ile miezi ambayo uvuvi hufungwa, mlinzi wa ofisi alinipa habari. Fundi alikuwa amekuja kuweka toleo jipya la programu, na folda zote za pamoja zikahamishwa kwenda mahali pamoja. Kompyuta iliuliza kama folda mbili zenye jina moja ziunganishwe. Mtu akabonyeza ndiyo. Kilwa mbili zikawa moja, na vibali vilitakiwa kuwa tayari kabla ziwa halijafunguliwa.

Nilifurahi. Nyumbani nilikuwa na daftari langu, lenye jina la kila mwenye mtumbwi na mahali anapoufunga. Nililitia ndani ya bahasha, nikanyoosha shati, nikangoja simu. Nilitayarisha hata maneno ya kukataa ombi lao la kwanza, ili waombe mara ya pili. Siku nne simu haikulia. Siku ya tano nikaenda mwenyewe.

Aliponiona alikunja goti akapiga makofi taratibu. "Batata, ikaleni," akasema kwa lugha yake: baba, keti.

"Nimesikia Kilwa zimechanganyika," nikasema.

"Zilichanganyika. Sasa zimetengana. Ni ninyi mulinisaidia, Batata."

Akanionyesha. Barua zangu zote za kisiwani zilianza kwa Bwana au Mama. Za ng'ambo zilianza kwa Musiu au Madamu, kama wanavyoitana wenyewe kwa Kifaransa chao. Yeye alitafuta maneno hayo tu, na kazi ikamalizika asubuhi moja. Mimi sikujua kwamba nilikuwa na desturi hiyo. Kwamba mtu mwingine aliufahamu mkono wangu kuliko nilivyoufahamu mimi, jambo hilo lilinichoma kuliko maneno yoyote ya sokoni.

Kisha nikaona safu ya majina. Kila faili ilikuwa na jina la mwanamke huyu, si langu.

"Hizi nilizipiga mimi."

"Najua, Batata. Mashini inaandika jina ya mutu mwenye kuhamisha."

Nikaanza kuisoma orodha ya Ng'ambo nikitafuta kosa, na nikalipata. Mzee mmoja, mzaliwa wa kisiwani, aliwahi kufanya biashara Kongo ujanani, na tangu hapo alipenda kuitwa Musiu. Katika barua nilimridhisha. Sasa alikuwa amepelekwa ng'ambo, ambako kibali chetu hakimfikii mtu. Sikumwonyesha.

"Na hiyo bahasha?" akauliza.

"Barua za kanisa."

Nilitoka mwepesi. Kosa lilikuwa lake, lingeonekana siku ya kufungua ziwa, mbele ya foleni nzima. Raha hiyo ilinifikisha gatini tu. Mzee huyo huyo alikuwa ameketi huko akiunga wavu, akingoja boti ya kisiwani.

"Bwana Ofisa," akaniita, "mwaka huu wa kwanza kuingia majini ni mimi. Wavu mpya huu."

"Hongera, Musiu," nikajibu, na kwa neno lile nikaikumbuka faili yake. Nikageuka.

Ofisini sikueleza mengi. Niliweka bahasha mezani, nikamwonyesha jina la mzee. Alilifungua daftari akalipekua kwa muda mrefu.

"Barua za kanisa ziko na mitumbwi mingi," akasema.

Aliinuka kwenye kiti, kile kiti, akaniambia niihamishe faili mwenyewe. Nikaketi. Nikaihamisha kutoka Ng'ambo kwenda Upande Wetu kwa mkono wangu, naye amesimama nyuma yangu. Kompyuta ikaandika jina lake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameifungua kwa jina lake asubuhi ile. Sote wawili tuliliona.

"Pole, Batata," akasema.

Aliomba daftari libaki ofisini. Nilimruhusu kutoa nakala, na kwenye jalada la nakala hiyo niliandika jina langu kwa wino. Daftari lenyewe nililirudisha nyumbani, na liko hapa.