Niliigiza mtaalamu wa saikolojia Kirumba, mtazamaji akasimama kujibu swali aliloulizwa mgonjwa

Wakuu, heshima kwenu, na mlionizidi umri shikamooni.

Mimi siyo mwanzishaji wa nyuzi, huwa nasoma na kupita. Ila hili limenikaa kifuani, acha nilitoe. Nitalieleza lilivyokuwa, chumvi sijaweka. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nipo Buhongwa, ni fundi aluminium. Madirisha, milango, kazi zangu ndizo hizo. Jumapili naigiza na kikundi chetu cha sanaa. Ni hobby tu.

Sasa director wetu, Madam Rehema, akatuletea tamthilia kuhusu tiba ya afya ya akili. Siyo ya vidonge, ile ya kukaa na mtaalamu mkaongea. Mimi nikapewa nafasi ya mtaalamu. Rafiki yangu Kulwa akawa mgonjwa, dereva wa lori aliyepata ajali, na tangu hapo akisikia honi anatetemeka.

Wakuu, ile kitu ni ndefu! Karibu masaa matatu. Viti viwili, meza moja, mimi nauliza, Kulwa anajibu. Au hajibu kabisa, maana kuna sehemu kwenye script imeandikwa "kimya" na kupigiwa mstari.

Tukamwambia Madam apunguze, watu watatukimbia. Akagoma.

"Mtu anayeumwa ndani haharakishwi. Hata na watazamaji."

Tukaenda kuonyesha Kirumba, mchana, kiingilio bure. Ukumbi ukafurika. Waliotoka kanisani, wauza dagaa, vijana waliokuwa wanavuta muda mechi ianze.

Kuna kitu watu hawajui: ukiwa jukwaani unawaona watazamaji vizuri sana. Na mimi nina tabia ya kudadisi, kwa hiyo nilikuwa naigiza huku nawasoma.

Mwanzo walicheka. Kulwa akitetemeka, kicheko. Kijana mmoja akapiga honi kwa mdomo, "piiii!", ukumbi mzima ukaangua.

Mbele yangu alikaa mama mmoja, kila nikiuliza swali anamgeukia jirani yake:

"Daktari gani huyu, anauliza tu? Dawa atampa rini?"

Jirani akasema, "Huyo karogwa. Apelekwe kwa mtaalamu."

"Si ndiyo huyo hapo mtaalamu?"

"Nasema mtaalamu mwenyewe!"

Nilijing'ata ulimi nisicheke.

Baadaye wale vijana wa mechi wakatoka. Nikasema moyoni, haya, Madam ameyataka. Lakini nikashangaa wamerudi, wameshika mihogo ya kukaanga, wakasimama mlangoni wanatazama. Huku mechi imeshaanza, kelele za uwanjani zinasikika mpaka ndani. Hilo lilinisumbua kichwa. Wamerudi kufuata nini?

Basi tukafika pale penye kimya kirefu kuliko vyote. Nikamuuliza Kulwa:

"Kuna jambo watu wanakwambia kila siku, na hawajui kuwa linakuumiza?"

Kulwa akainamisha kichwa, kama script inavyotaka.

Sauti ikatoka katikati ya ukumbi: "Lipo."

Watu wakacheka, wakidhani ni mchekeshaji mwingine. Mwenye sauti akasimama. Mtu mzima, ana kofia, shati limepigwa pasi likanyooka.

"Lipo, daktari. Ni jina langu. Pale sokoni Mwaloni wote wananiita Baba Minza. Asubuhi Baba Minza, jioni Baba Minza. Minza mwenyewe nimeshamzika. Na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza naendeleaje."

Kicheko kilikatika palepale.

Mkewe alikuwa amekaa pembeni yake. Kwanza alimvuta shati akae. Halafu akaliachia, akawa anamtazama usoni kama mgeni aliyeingia sasa hivi.

Mimi jasho. Ninachojua ni kukata aluminium, haya mengine nimekariri! Nikamtazama Madam pembeni, katulia, hata ishara hanipi. Nikaona kuendelea kujifanya daktari mbele ya yule mzee ni dhambi. Nikavua ile miwani ya kuigizia.

"Baba, shikamoo. Mimi siyo daktari, naigiza tu. Lakini nimekusikia, na pole sana. Tusimamishe kidogo?"

"Marahaba. Hapana, msisimamishe. Nataka nisikie huyo kijana atajibu nini."

Akakaa.

Kulwa alikuwa na majibu yake ameyakariri wiki nyingi. Siku ile yalimtoka kwa tabu, sauti inakatika, na haikuwa kuigiza. Hakuna aliyecheka tena. Yule mama wa "dawa atampa rini" alishajifunika uso kwa kanga.

Tulipomaliza, watu hawakutoka. Wakanizunguka. "Daktari, mdogo wangu hali chakula." "Daktari, mume wangu anaongea peke yake." Kila mmoja namwambia mimi ni fundi wa madirisha jamani!

Bahati nzuri alikuwepo Sista Adela, nesi wa afya ya akili aliyetusaidia kwenye script. Akavuta kiti pembeni, akawa anamsikiliza kila mtu na kumwelekeza hospitali gani aanzie. Baba Minza alisubiri foleni kama wengine. Mkewe ndiye aliyeuliza:

"Sista, tunaingia pamoja au mmoja mmoja?"

Nikatumia nafasi hiyo kumfuata yule kijana aliyepiga honi. Nikamuuliza, mbona mlirudi na mechi mmeiacha?

Akasema, "Bro, mimi mzee wangu yuko hivyohivyo. Nilikuwa nacheka ili wenzangu wasijue."



Miezi ikapita. Juzi nimeenda Mwaloni kununua sato, nikakutana na mke wa yule mzee. Nikamwamkia, halafu nikakwama, nimwite nani? Nikauliza tu mzee anaendeleaje.

"Tunakwenda kwa wataalamu. Kuna siku anaongea, kuna siku ananuna mpaka jioni. Ila zamani nilidhani nalia peke yangu mle ndani."

Akawatazama waliokuwa wakipita, akaendelea:

"Sasa tatizo ni watu. Tangu siku ile wanaogopa kutuita. Wananiita 'mama', yeye wanamwita 'mzee'. Wanadhani wanatusaidia. Mwanangu sasa hatajwi kabisa. Hatukuomba jina lifutwe. Tuliomba kuulizwa."

Nikamwambia, "Nimekuelewa, Mama Minza."

Akatabasamu, akanichagulia samaki mwenyewe.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba watu wetu siyo kwamba hawajali haya mambo. Kicheko kingine ni woga tu. Na ukimya wetu tunaouita heshima, kuna mtu unamnyonga taratibu.

Sasa niambieni, mtaani kwenu mtu anayeitwa kwa jina la mtoto aliyefariki mnamwitaje? Kuna aliyewahi kumuuliza mwenyewe anapenda nini? Na kama humu kuna mtaalamu wa kweli, aseme pale jukwaani nilipaswa kufanya nini. Nipo, nasoma kila comment.