Pasaka Niliyoitwa kwa Jina Langu

Harufu ya ubani hunirudisha Kipatimu, kwenye kanisa la misheni lenye sakafu ya baridi, katika masika ile niliyokuwa darasa la tano. Ubani wenyewe nilikuwa nimeujua zamani, kisiwani Kilwa, nyumbani kwa Bibi Mwanahawa, mama yake baba, ambaye aliufukiza kila Alhamisi jioni kabla ya dua. Baba alikuwa Mwislamu wa kisiwani. Mama ni Mkristo wa milima ya Umatumbi. Baba alipofariki, mama alinichukua tukarudi kwao milimani, nikaanza shule pamoja na watoto waliokuwa na majina kama Skolastika na Longino. Mimi niliitwa Sikitu.

Darasani jina hilo lilikuwa mchezo. Mwalimu akiliita, mtoto mmoja wa nyuma angenong'ona kwamba kama si kitu basi hayupo, na dawati lake lote lingeangua kicheko. Nilicheka nao, maana asiyecheka huchekwa zaidi. Lakini njiani, nikipita kwenye matope mekundu chini ya michungwa, nililitamka polepole, si kitu, si kitu, mpaka nikaanza kuliamini. Kwa hiyo mama aliponiuliza kama ningependa kuingia mafundisho ya ubatizo, niliitika kabla hajamaliza. Nilikuwa nimesikia kwamba anayebatizwa huchagua jina. Usiku na mchana nilijaribu majina kama mtu anayejaribu viatu sokoni, na lililonitosha likawa Veronika.

Katekista wetu alikuwa Mwalimu Damiani, mkulima wa mihogo mwenye sauti nzito, aliyetufundishia kwenye baraza la kanisa huku mvua ikipiga bati. Siku moja alitueleza kwamba Mungu hamjui mtu kwa jumla jumla. Anamjua kila mmoja na kumwita kwa jina lake, hata kabla hajazaliwa. Mwili ulinisisimka. Sikuwahi kudhani kwamba huko juu kuna anayenifahamu mimi, mtoto wa Umatumbi na wa kisiwani, niliyekuwa mgeni kote kuwili. Furaha ile ilinipanda, kisha nikalikumbuka jina langu. Kuuliza si ujinga, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mimi ananiita Sikitu?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu Damiani alifunga kitabu chake, akaniambia, "Sijui jina hilo lilitoka wapi, mwanangu. Nenda kamuulize aliyekupa."

Aliyenipa alikuwa Bibi. Mama naye alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba hatanibatiza kwa kificho, kwani mimi ni damu ya watu wa kisiwani na lazima wajue. Jioni ile alipanda kilimani penye mtandao akampigia Bibi simu. Alishuka na jibu. Bibi alikuwa amesema neno moja tu, kwamba anakuja. Niliogopa kwamba anakuja kunichukua.

Alifika wiki ya Matawi, juu ya lori la mizigo, kanga zimerukiwa na matope, mkononi kapu la papa mkavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanivuta kifuani na kuniita mke mwenzake, utani wetu wa zamani. Alipokwisha kula, aliniketisha mkekani mbele ya mama, akaniambia ameletewa habari kwamba jina alilonipa limenichosha.

"Kabla yako mama yako alizaa, wakafa. Akazaa tena, wakafa," alisema. "Wewe ulipolia mara ya kwanza, nilitoka uani nikatangaza kwa sauti majirani wasikie: huyu si kitu. Nilitaka kifo kisikie, kikupite. Kilikupita."

Mama alikuwa akilia bila sauti. Mimi sikulia, nilihisi kama mtu aliyekuwa amejifunika gunia kuukuu, akaambiwa ni joho. Niliuliza kama Mungu naye alidanganyika.

"Mola hadanganywi," Bibi alijibu. "Yeye alijua wewe ni kitu. Dini ni yako na Muumba wako, sikuzuii. Ila kumbuka, mwacha asili ni mtumwa."

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Kayamba zililia, kwaya ikatikisa bati, na sisi wa ubatizo tulisimama mstari mmoja kwa nguo nyeupe. Bibi alikuwa amesema atabaki nyumbani. Padri aliponifikia akaniuliza jina langu, nikageuka kidogo nikamwona Bibi amesimama mlangoni, ushungi umemfunika vizuri, mikono kifuani.

"Veronika Sikitu," nikasema, kwa sauti iliyofika mwisho wa kanisa.

Maji yalikuwa baridi, yakaniingia mpaka shingoni. Na kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, kigelegele kilitoka mlangoni, kirefu, cha kipwani, kisha wanawake wa Kimatumbi wakakidaka na kanisa zima likalipuka. Wale wa darasani kwangu walikuwa humo. Hakuna aliyelifanyia tena mzaha jina langu, au labda walifanya, na mimi sikusikia.

Siku hizi ninaishi Lindi na ninafundisha watoto mafundisho ya ubatizo. Wanakuja na majina waliyoyaokota kwenye simu, mazuri kwa masikio, na ninawaambia wachukue wanalolipenda, lakini kwanza wawaulize wazazi la zamani lilitoka wapi. Wengi hurudi wakikimbia. Zamani nilidhani imani ingenifanya mtu mwingine. Nimekua nikaona ilinifanya mimi. Mwaka jana Bibi alipofariki nilivuka kwenda kisiwani, nikaingia msibani msalaba ukiwa shingoni na kanga kichwani. Mzee mmoja wa kike asiyenifahamu aliniuliza mimi ni nani. Nilimwambia ni Sikitu, mjukuu wa marehemu, Mkristo. Alinitazama kidogo, kisha akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka.