Vitambaa vya Mkonge vya Mama

Mkonge mbichi ukipondwa hutoa harufu ya uchachu isiyo na adabu hata kidogo. Huingia puani bila hodi, hukaa kwenye nywele, hukaa kwenye chakula, na ukijaribu kuiondoa mikononi kwa sabuni, sabuni huisha na harufu hubaki. Mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi, uani kwetu Kaloleni, mjini Voi, kulinuka hivyo kwa majuma matatu mfululizo. Kilikuwa kiangazi. Vumbi jekundu lilitanda juu ya kila kitu, mabati yalialika kwa joto tangu saa nne asubuhi, na mifereji ya maji ilikuwa imekauka hivi kwamba tulisahau ilivyolia. Mimi nililalamika kutwa kucha, maana kulalamika nimezaliwa nako. Mama alikuwa amechuchumaa juu ya ubao, anakwangua majani ya mkonge kwa mgongo wa panga, na nyuzi nyeupe zilikuwa zikitoka chini ya mkono wake, ndefu na laini.

Sababu ya kazi ile ilikuwa dada yangu Wakesho. Alikuwa amepata mchumba, Mwadime, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Bura, kijana mpole aliyekuwa akifika kwetu na kuketi kwenye ukingo wa kiti kana kwamba atafukuzwa. Sasa watu wake walikuwa wametuma habari kwamba watakuja kuzungumza, na kila mtu alijua mazungumzo yenyewe huanza na macho. Wangekuja kuona binti anatoka nyumba ya namna gani. Mwenye neno la mwisho hakuwa baba yake Mwadime bali shangazi yake, muuguzi wa zahanati aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Wakesho alikuwa amemwona mara moja tu, na alirudi akituambia kwamba mama yule akiingia nyumbani hupitisha kidole juu ya meza kabla ya kusalimia. Nadhani aliongeza chumvi, lakini sisi tulimwamini, na tangu siku hiyo dada yangu hakula vizuri.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, na sebuleni hamkuwa na kitu cha kutazama. Baba alikuwa ametutoka nikiwa mdogo, na Mama aliishi kwa kuuza mboga za kutoka milimani. Tulikuwa na viti vinne vya mbao, benchi la miti ya mkonge lililoachwa na baba, na kalenda ya mwaka uliopita iliyobaki ukutani kwa ajili ya picha yake. Jirani yetu Mama Mutua, Mkamba mwenye kibanda cha mitumba na roho ya kutoa, alikuja mwenyewe kutaka kutukopesha vitu vyake: makochi, zulia, na vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo bila hivyo sebule ya Kenya huonekana iko uchi. Kukopa hivyo hakukuwa aibu. Mtaa mzima ulikuwa ukifanya hivyo, na vikombe vya Mama Mutua vilikuwa vimehudhuria harusi nyingi kuliko padri. Mama alimshukuru sana, akamkatalia.

"Hawa si wageni wa siku moja," alimwambia. "Wakirudi mwezi ujao wakute makochi yameenda wapi? Wacha wakute vitu yetu."

Wakesho alilia aliposikia. Mimi pia nilikasirika, kwa kuwa nilikuwa nimeshajipangia kuketi kwenye kochi. Lakini Mama hakuwa mtu wa kuachia wageni ukuta mtupu. Alianza na kuta zenyewe. Alizikandika upya kwa udongo mwekundu wa Voi uliochekechwa na kuchanganywa na samadi, akaziba kila ufa alioweza kuufikia. Sehemu ya chini alipaka udongo uliochanganywa na jivu, ikawa ya kijivu, na pale rangi mbili zilipokutana alichora kwa vidole, mawimbi mafupi mafupi, kwa udongo mweupe ambao mwanamke mmoja wa Bura alimletea ndani ya kapu la kabichi. Kibuyu kilichopasuka alikikata kikawa bakuli, akakitoboa matundu na kukigeuza juu ya balbu yetu moja. Gunia la mahindi lilifumuliwa, likafuliwa, likapigwa pindo kwa uzi mwekundu, likawa pazia la mlango wa chumbani. Nilikuwa nimezoea kuona vitu hivyo vikikaa nyuma ya nyumba vikingoja kutupwa. Sasa nilikuwa nikipita mlangoni mara nyingi bila sababu, ili tu nivione.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya vitambaa. Mama aliamua kwamba viti navyo vitavaa, na kwa kuwa hatukuwa na uzi wa dukani, vingevaa mkonge. Kazi iligawanywa. Mama alikwangua majani, Wakesho alisuka, na mimi niliosha nyuzi. Mtu asiyejua mkonge anaweza kudhani kazi yangu ndiyo ilikuwa nyepesi, na hata mimi nilidhani hivyo. Utomvu wa mkonge huwasha. Ukibaki kwenye uzi hukauka, hutauona wala kuunusa, unakaa kimya hapo mpaka ngozi yenye jasho iuguse. Kwa hiyo Mama alinieleza taratibu: maji matatu. Ya kwanza yatakuwa ya kijani, ya pili yatatoa povu, ya tatu lazima yatoke kama yalivyoingia. Alininunulia mitungi mitatu ya maji kutoka kwa mwenye mkokoteni, akaipanga kivulini, akaenda sokoni.

Sasa nikiri kosa langu. Nilikuwa na gauni moja la maana, la buluu lenye kola nyeupe, na siku ya wageni ni mimi niliyepewa heshima ya kushika birika na beseni la kuwanawisha mikono. Kola ilikuwa na doa la chai. Nilitazama doa, nikatazama mitungi. Mtungi wa kwanza nikaoshea nyuzi, maji yakatoka ya kijani kama nilivyoambiwa. Mtungi wa pili nikafulia gauni. Wa tatu nikasuuzia gauni, kisha nikaoga mwenyewe, nikaimba. Mama aliporudi nyuzi zilikuwa zimeanikwa juu ya ua, nyeupe na nzuri, zikipepea. Aliniuliza kama niliosha mara tatu. Nikasema ndiyo. Wakesho alisuka vitambaa sita kwa siku nne, na akawa akijikuna vifundo vya mikono, lakini msukaji yeyote wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, hujikuna, basi hakuna aliyelitilia jambo hilo maanani.

Walikuja Jumamosi, saa sita mchana, jua likiwa katikati ya kichwa. Walikuwa Mwadime, baba yake, na shangazi. Upande wetu alikuwepo baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliyekuja kuzungumza kwa niaba yetu. Shangazi alisimama mlangoni kidogo. Hakupitisha kidole juu ya meza. Alikwenda moja kwa moja ukutani akayatazama yale mawimbi meupe, akauliza ni nani aliyechora, na Mama alipojibu kwamba ni yeye, shangazi akasema, "Mama yangu alikuwa anachora hivi hivi." Nilimwona Wakesho akivuta pumzi pale kwenye pazia la gunia. Wageni wakaketi kwenye viti vyenye vitambaa vya mkonge mgongoni na kwenye mikono, nami nikapita na birika langu nikijiona malkia.

Haikuchukua nusu saa. Joto lilikuwa limefunga chumba, jasho likaanza kutoka, na baba yake Mwadime akajikuna mkono kidogo kwa heshima, kama mtu anayejipapasa tu. Kisha Mwadime akajikuna shingo. Kisha shangazi, aliyekuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi, akaacha kula, akainua kiwiko, akakitazama. Mazungumzo yaliendelea, lakini yalikuwa yamepoa. Nikamwona shangazi akiinamisha kichwa polepole, akitazama chini ya kiti, halafu kwenye kiungo cha mguu wa kiti, halafu kwenye ufa mmoja mwembamba ambao Mama hakuuziba. Hakuna mtoto wa Kaloleni asiyejua mtu anayetazama hivyo anatafuta nini. Alikuwa anatafuta kunguni.

Nilitazama uso wa Mama, nikaona kwamba naye amelijua jambo hilo, na kwamba hana la kufanya. Wageni hawawezi kukwambia nyumbani kwako mna kunguni. Wewe nawe huwezi kuwaambia hamna, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Wangemaliza chakula, washukuru, waondoke wakicheka vizuri, na kutoka Bura lisirudi neno tena. Tena Mama alikuwa ameniamini kuhusu yale maji matatu, kwa hiyo hata yeye alianza kuitilia shaka nyumba yake mwenyewe. Aliitazama mikono yake juu ya mapaja. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua. Na mtoto hazungumzi mbele ya wakwe, hilo nilikuwa nimefundishwa na kukumbushwa asubuhi ile ile.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Si wadudu. Ni mkonge. Niliosha mara moja tu, maji ingine nikafua nguo yangu."

Baba mdogo alifumba macho. Nilianza kulia, na machozi yalidondoka kwenye ile kola niliyoipenda. Shangazi alikivuta kitambaa kutoka mgongoni pake, akakisugua kati ya vidole, akakipeleka puani. Kisha akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyekuwa ameshikilia kitu kizito akakiweka chini.

"Kumbe ni mkonge! Haki ya Mungu, mimi nilikuwa nimeshawaza dawa ya kunyunyiza," alisema. "Mama yangu alikuwa anakata mkonge shambani miaka yote. Sisi tulijikuna mpaka tukasahau." Akasimama, akanitazama kuanzia kola hadi miguuni. "Na nguo umefua vizuri. Sasa leta karai."

Mama alijaribu kumzuia, mgeni wa heshima kama yule, lakini haikufaa. Shangazi alikuwa ameshajifunga leso kiunoni. Wanawake wawili wakatoka uani na vitambaa sita, Mama Mutua akaletwa na kelele zetu pamoja na mitungi miwili ya maji yake, na mimi nikawekwa katikati, mikono ndani ya karai hadi kwenye viwiko, nikaosha maji ya pili na maji ya tatu chini ya usimamizi wa muuguzi. Ndani, wanaume waliketi kwenye mbao tupu wakaendelea na mazungumzo, na husemwa kwamba yalikwenda haraka kwa kuwa viti vilikuwa vigumu. Shangazi alimuuliza Mama siri ya ule udongo wa jivu. Mama alimuuliza dawa ya miguu yake inayovimba. Wakati wa kuondoka shangazi alinishika kidevu, akamwambia Mama kwamba na huyu mdogo wameshamwekea alama, na Wakesho akacheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile kianze. Yeye na Mwadime walioana mwaka huo huo, na wana watoto wanne.

Mama hakunichapa. Kesho yake aliniamsha, akanipa majani ya mkonge na mitungi mitatu, nikaanza upya. Namshukuru kwa hilo, na zaidi namshukuru kwa kukataa makochi ya Mama Mutua. Kama tungekuwa tumekaa juu ya vitu vya watu siku ile, mimi ningekuwa na nini cha kusema? Siku hizi naona mkonge ukiuzwa madukani Nairobi na Mombasa, umezungushwa kwenye vioo, umetundikwa kwenye taa, na wasichana hunionyesha kwenye simu jinsi ya kupamba nyumba kwa vitu vya asili. Nafurahi kwa dhati, na mara nyingine nanunua. Lakini nyumba zetu za leo zinapambwa ili zipigwe picha, na wageni hupiga simu kwanza ili tupate muda wa kuficha. Mimi ndiye wa kwanza kuficha.

Mwaka jana nilihamia nyumba yangu mwenyewe, ndogo, nje kidogo ya Voi kwenye barabara ya Maungu. Fedha iliishia kwenye paa. Kuta zilibaki matofali matupu, sakafu ya saruji, sebuleni stuli mbili na mifuko ya saruji iliyobaki. Nilikaa humo miezi minane bila kumwalika mtu, hata Mama, nikiwaambia wote wangoje nimalize. Siku moja gari likasimama, Wakesho akashuka, na nyuma yake akashuka shangazi, mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Nilikimbia mlangoni nikaanza kuomba radhi: nyumba bado, hakuna viti, hakuna pazia, wangeniambia mapema. Shangazi alinipita katikati ya maneno. Aliketi juu ya mfuko wa saruji, akaweka fimbo chini, akatazama kuta zangu moja baada ya nyingine.

"Kuna kitu inawasha hapa?" aliuliza.

"Hakuna, shangazi."

"Basi leta chai."

Nikaenda kubandika chai.