Ukurasa Ambao Everlyn Alikataa Kuufundisha

Everlyn Kageha ni mtu wa Vihiga, mzaliwa wa Kanisa la Marafiki, lile lililoletwa Kaimosi na wamisionari wa Kimarekani zama za mababu zake. Mimi Fairuz ni Mwislamu wa Mombasa, mpishi katika mkahawa mmoja hapa Oud Metha, Dubai. Kilichotukutanisha ni kodi ya chumba tunachochangia. Siku alipohamia nilimwona mpole nikafurahi. Na ni mpole kweli, kwa mambo madogo. Ukimlia chapati yake hasemi, na kanga yake usiporudisha haulizi.

Alikuwa akimfundisha mtoto nyumbani, Al Warqa, kwa Wakenya wenye uwezo. Baba, Nick, ana kampuni ya usafirishaji Al Quoz, na viza ya Everlyn ilikuwa chini ya kampuni hiyo. Mama, Rebecca, alitaka binti yao Daisy aje asome chuo cha Kikristo huko Marekani, kwa hivyo akaagiza vitabu vya huko huko. Kimojawapo kilikuwa cha historia ya Marekani kwa mtazamo wa Kikristo.

Mwanzoni Everlyn alikipenda kitabu hicho. Alikuwa akirudi jioni, mimi nakatakata vitunguu, naye ananisimulia habari za watu waliovuka bahari ili wamwabudu Mungu bila kumwogopa mfalme.

"Walifunga na kuomba, da Fairuz, kabla ya kupanda meli. Hebu fikiria imani hiyo!"

Kisha wakafika kwenye utumwa. Kitabu kilisema mabwana wengi walikuwa waumini wema, na kwamba Mungu aliutumia utumwa kuwatoa Waafrika gizani na kuwafikisha kwenye Injili. Daisy alikuwa akisoma kwa sauti. Akanyamaza katikati ya sentensi, akauliza, "Ticha, kwani Mungu ndiye alitaka waibwe?"

"Hapana," Everlyn akasema. "Waliiba watu, halafu wakamsingizia Mungu."

Akamweleza mtoto kwamba Maandiko yenyewe yanamweka mwizi wa watu kundi moja na wauaji. Akamwambia hata Marafiki, watu wa kanisa lake, wa kule Marekani waliwahi kumiliki watumwa, wakabishana wao kwa wao miaka na miaka, mpaka wakakubali kuwa ni dhambi. "Hiyo nayo ni historia ya Kikristo," akasema. "Kutubu ni kwetu pia."

Rebecca alikuwa jikoni, anasikia yote. Akatoka amekunja uso.

"Everlyn, nani amekuomba maoni yako? Fundisha kilichoandikwa."

"Madam, mengine yote nimefundisha. Huu ukurasa sitaufundisha."

"Unataka mtoto wangu awe na uchungu? Awachukie watu atakaoenda kuishi nao?"

"Nataka ajue ukweli, madam. Akijua ukweli na bado akawapenda, huo ndio Ukristo."

Nick aliporudi kutoka kazini alikata maneno. Jumatatu wangekaa wote mezani, mwalimu afundishe ukurasa ule kama ulivyo, na Daisy ajibu maswali kama kitabu kinavyotaka. Akikataa, khalas, basi, viza inafutwa.

Everlyn aliponieleza, nilimbembeleza. Nilijua wangapi wamerudishwa kwao kwa neno moja la kafeel, mdhamini wa viza.

"Kubali tu, dadangu. Sema, halafu moyoni ukatae. Mungu anaujua moyo."

"Mungu anaujua moyo," akanijibu, "lakini Daisy atasikia mdomo."

Nilikasirika, kwa maana ni mimi ningebaki na chumba kitupu.

Jumatatu alivaa gauni lake la kwenda kanisani, akaenda. Nick na Rebecca walikuwa wameshakaa. Everlyn hakukaa. Alikifungua kitabu kwenye ukurasa ule, akamsogezea Nick.

"Sir, wewe ni baba yake. Msomee wewe. Mwambie kwa mdomo wako kwamba watu wa rangi yake walikamatwa kwa faida yao. Ukiweza, mimi nitamuuliza maswali."

Nick alikitazama kitabu. Rebecca akasema, "Nick, soma." Nick hakusoma. Hakumtetea mwalimu pia. Alikifunga kitabu akasema, bila kuinua macho, "Yalla, Everlyn, nenda. Ofisi itakupigia." Daisy alilia mpaka mlangoni, mama yake akamvuta ndani.

Viza ikafutwa kweli. Everlyn akaanza kuzunguka na vyeti vyake, jasho likimtiririka kila kituo cha basi. Siku moja Rebecca akapiga simu, nami nikiwa kando ya Everlyn. Daisy alikuwa amefika kwenye mtihani wa sura ile, na penye swali la utumwa alikuwa ameandika kwamba ulikuwa kosa, na waliofanya hivyo walijua ni kosa.

"Umeniharibia mtoto!" Rebecca alipaza sauti hata mimi nikasikia.

"Hajaharibika, madam," Everlyn akasema. "Muulize, atakueleza sababu."

Simu ikakatwa. Alikaa kitandani, akacheka, kisha machozi yakamtoka, na hakunificha.

Kituo cha kwanza cha masomo ya ziada kilimkataa waziwazi, baada ya kumuuliza kwa nini aliacha kazi. Nilimsihi atafute jibu jingine, aseme familia ilihama. Hakutaka. Kituo cha pili kipo hapa hapa Oud Metha, na msimamizi wake ni mama wa Kizanzibari, Asila. Naye akauliza swali lile lile.

"Niliambiwa nifundishe uongo kwa jina la Mungu, nikakataa."

"Na hapa ukiambiwa?"

"Nitakataa tena, mama."

Asila akamuuliza kama anaweza kuanza na darasa la saba, maana mwalimu wao alikuwa ameondoka na watoto walikuwa wanapiga kelele ukumbini. Everlyn aliuweka mkoba wake juu ya meza akaenda kuwanyamazisha.